Nyumbani Mwetu: Ua Kati ya Parsele C na Parsele D



Jumapili moja alasiri baba mmoja wa Manika, hapa Kolwezi, alibisha hodi nyumbani kwangu. Alikuwa amekumbatia sanduku la kompyuta yake ya mezani, limefungwa katika kitenge, kama mtu amchukuavyo mtoto mwenye homa kumpeleka zahanati. Ni mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, na sasa anapumzika. Mashine ile aliinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, kama zilivyo nyingi za mjini kwetu, na kila jioni huifunika kwa kitambaa isiingiwe na vumbi la barabara. Ndani yake mlikuwamo picha za marehemu mkewe, hesabu za duka la binti yake mkubwa, nakala za barua zihusuzo malipo yake ya uzeeni, na kitabu alichokuwa akikiandika binti yake mdogo ili apate kumaliza chuo.

"Jana asubuhi ilikuwa nzima," akaniambia. "Leo yaniomba ruhusa ya kufuta kila kitu."

Nikamkaribisha kiti, nikamwuliza imekuwaje. Akasema kwamba kwa majuma kadhaa kompyuta ilikuwa ikilalamika ya kuwa nafasi katika diski C imekwisha. Diski D, kwa upande wake, ilikuwa na nafasi tele. Kijana wa jirani, mwenye akili na moyo mwema (naomba mtu asimlaumu), akamwambia, "Papa, hilo ni jambo dogo. Tutaipunguza D, tuiongeze C." Wakaanza Jumamosi saa moja ya jioni. Ilipokaribia saa mbili, alama ya kazi ikiwa imefika katikati ya safari yake kwenye kioo, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi usiku wa manane, C ilifunguka kama kawaida. Lakini D ilikuwa jina tupu, na kila walipoigusa mashine ilitaka kuifomati, yaani kuifuta yote na kuiandaa upya.

"Mlikubali?" nikamwuliza.

"Hapana, Baba. Binti yangu alilia, tukaizima."

Kilio kile kiliokoa mengi, kama tutakavyoona. Lakini kwanza yafaa tufahamu hiyo C na hiyo D ni nini, maana watu wengi wadhani ni diski mbili. Katika kompyuta nyingi za nyumbani ni diski moja tu, iliyogawanywa.

Diski ya namna ya zamani ni sahani za aluminiamu au za kioo, zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake umepakwa utando mwembamba mno ushikao sumaku, na humo ndimo kila picha na kila barua huandikwa. Ninyi mkaao huku Lualaba mwalijua madini yaliyo mengi katika utando huo: ni kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu, na migodi yake mikubwa ni ya huku kwetu, kama Kamoto, Mutanda na Tenke Fungurume. Kama chembe zilizomo katika sanduku la mzee huyu zilitoka Kolwezi zikaenda Ulaya zikarudi kwenye kitenge, hakuna awezaye kusema. Mimi naliwaza jambo hilo kila nisikiapo diski ikianza kuzunguka.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wa mashine ulikuwa kama tani moja. Nayo iliweza kushika herufi milioni 5. Picha moja au mbili za simu ya leo zingeijaza. Diski ilipoingia katika kompyuta ndogo za kazi za IBM mwaka 1983, ya megabaiti 10, ndipo pia uliwekwa utaratibu wa kuigawanya, ili programu mbili za kuendesha mashine ziweze kukaa katika diski moja bila kugombana. Nasi tumeurithi utaratibu huo.

Huku kwetu mfano wake ni rahisi kupatikana. Fikirini mtaa uliopimwa na kugawanywa parsele. Ardhi ni moja, lakini kuna ua kati ya parsele na parsele, na katika ofisi kuna daftari lionyeshalo kila parsele yaanzia wapi na kuishia wapi. Diski nayo ina daftari lake, mwanzoni kabisa. Katika utaratibu ule wa zamani daftari hilo lina mistari minne, kila mstari baiti 16, jumla baiti 64. Ni chache kuliko herufi za sentensi hii mnayoisoma sasa, na bado ndizo zinazoshika mipaka ya diski nzima. Katika mashine mpya daftari lina nafasi ya mistari 128, na nakala yake huwekwa mwisho wa diski, ili la kwanza likiharibika pawe na la pili.

Basi kuandika upya mstari mmoja wa daftari ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kinachochukua muda ni nyumba zilizokwisha kujengwa ndani ya parsele.

C yakaa mwanzoni mwa ardhi, D yafuata nyuma yake. Tangu toleo la Vista la mwaka 2007, Windows yenyewe ina chombo cha kupunguza na kuongeza. Mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, akachagua «Gestion des disques», kwa kuwa kompyuta zetu nyingi husema Kifaransa. Kisha hugusa D kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua «Réduire le volume». Nafasi hupatikana. Lakini tazameni ilipopatikana: mwisho wa D, upande wa mbali. Ni kama jirani yako aliyekubali kukupa ardhi, akakupa ile iliyo nyuma ya jiko lake. Wewe uko mbele ya nyumba yake, utaifikiaje? Ndiyo sababu maneno «Étendre le volume» juu ya C hubaki na rangi ya kijivu, hayabonyezeki, na watu wengi hudhani mashine ni mbovu. Si mbovu. Yakataa kuruka ua.

Ili ardhi ipatikane mbele, jirani hana budi kuihamisha nyumba yake yote kurudi nyuma, tofali kwa tofali. Programu za kufanya hivyo zipo. Moja ijulikanayo sana ni GParted, isiyouzwa, iliyoanza kutolewa mwaka 2004. Huwekwa katika flashi na kuwashwa kabla ya Windows kuamka. Ni programu nzuri, na ndiyo aliyoitumia kijana yule. Lakini hebu tupige hesabu. Ikiwa D ina gigabaiti 300 za kuhamishwa, na diski kuukuu yaweza kusoma na kuandika megabaiti 50 kwa sekunde, kazi itachukua sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40. Katika muda huo wote nusu ya nyumba iko mahali pa kale na nusu iko mahali papya, na daftari haliwezi kusema kweli juu ya yoyote kati ya hizo mbili.

Saa 1 na dakika 40! Nani katika mitaa yetu atakayeahidi umeme wa saa 1 na dakika 40, jioni ya Jumamosi? Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa katika mto Lualaba miaka ya 1950, hayako mbali nasi. Nguvu yake husukuma mashine kubwa za migodi mchana na usiku. Nyumbani, mama huweka mshumaa karibu na sahani za bukari kabla giza halijaingia, maana hajui. Mtu aandikaye vitabu vya mafunzo katika mji usiozimika taa huandika kwa wino mdogo, mwishoni mwa ukurasa, kwamba umeme usikatike wakati wa kazi. Kwetu neno hilo lingepaswa kuwa la kwanza, na kwa herufi kubwa.

Sasa nawaambia maoni yangu, na fundi asiyekubaliana nami aniandikie. Katika nyumba nyingi nilizoingia, ua haukuwa na haja ya kusogezwa hata kidogo. Mtu ambaye chumba chake kimejaa na chumba cha pili ni kitupu, habomoi ukuta, huhamisha magunia. C hujaa kwa sababu Windows, ikiachwa peke yake, huweka kila picha, kila video na kila kitu kilichopakuliwa upande wa C. Video zitumwazo katika simu, za arusi, za misiba na za mpira, huongoza zote kwa ulaji wa nafasi. Gusa kabrasha la «Images» kwa kitufe cha kulia, fungua «Propriétés», kisha «Emplacement», kisha «Déplacer», na uonyeshe kabrasha jipya ulilolitengeneza katika D. Fanya hivyo kwa «Vidéos» na kwa «Téléchargements». Kisha mwaga «Corbeille», maana wako watu watupao takataka miaka mitano bila kulimwaga pipa. Halafu endesha «Nettoyage de disque», nayo itaondoa mabaki ya matoleo ya zamani. Nimeona C ikipata gigabaiti 40 kwa njia hii, wala daftari la mipaka halikuguswa.

Hata hivyo, ziko nyumba zenye haja ya kweli. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka diski isiyopungua gigabaiti 64. Mwenye C ya gigabaiti 50, kama zilivyogawanywa nyingi miaka iliyopita, hawezi kuponea kwa kuhamisha magunia peke yake. (Mashine kuukuu nyingi zina vizuizi vingine vya kuwazuia kupata Windows 11, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Huyo atausogeza ua. Je, atausogezaje katika mji wenye umeme kama wetu?

Nakili kwanza kila kitu kilichomo katika D, ukipeleke katika diski ya nje. Usihamishe; nakili. Kisha chomoa diski hiyo, ichomeke katika kompyuta nyingine ikiwezekana, na ufungue picha kadhaa na barua kadhaa uone kama zafunguka. Baada ya kuona kwa macho yako, na si kabla, ifute parsele D kwa «Supprimer le volume». Sasa ardhi iliyo mbele ni tupu. «Étendre le volume» juu ya C litabonyezeka. Ongeza kiasi utakacho. Katika ardhi iliyobaki tengeneza D mpya, kisha rudisha vitu vyako.

Tazameni tofauti. Kwa njia hii kazi ndefu, ya saa mbili au tatu, ni ya kunakili, na kunakili hakubomoi kitu: umeme ukikatika katikati, nyumba ya kwanza ingali imesimama pale pale, nawe waanza tena kesho. Kazi ya kugusa daftari ni ya sekunde chache tu. Njia ya kijana yule iliweka hatari katika saa nzima na nusu. Hii yaweka hatari katika muda wa kunywa maji, na hata hapo nakala iko kabatini.

Mambo mawili ya kuangalia. Huenda ukaona kati ya C na D parsele ndogo isiyo na herufi, ya megabaiti mia kadhaa. Hiyo ni ya kuiponya Windows iugaupo. Usiifute kwa kuwa tu yakuzuia njia, bali mwite mtu ajuaye. La pili, mashine nyingi mpya hufunga diski yote kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa kuokolea una tarakimu 48. Uandike katika daftari la karatasi, lile lenye vyeti vya kuzaliwa, kabla hujagusa lolote.

Najua mtakaloniambia: diski ya nje ni ghali. Ni kweli, kwa nyumba nyingi si fedha ndogo. Lakini ndugu watatu wa mtaa mmoja waweza kununua moja na kupokezana, kama wapokezanavyo ngazi au toroli. Na hata asiyeweza hilo, picha za marehemu na karatasi za malipo ya uzeeni huingia katika flashi ndogo. Sinema hazihitaji kuokolewa.

Mwenye kompyuta ya mkononi ana heri, kwa sababu betri humlinda. Lakini asiiamini kwa kuitazama. Mashine zilizotumika Ulaya huja mara nyingi na betri zilizochoka: kioo chaonyesha asilimia 100, chomoa waya, zafa baada ya dakika nne. Kabla ya kazi chomoa waya, ifanyie kazi nusu saa, uone. Mwenye kompyuta ya mezani na atafute kile kisanduku chenye betri, kiitwacho huku onduleri. Na akiazima jenereta, ahesabu mafuta yake kwa saa za kazi na nyingine mbili za akiba.

Na ikiwa msiba umekwisha kutokea, kama kwa baba yetu wa Manika? Mashine ikikuomba kufomati, kataa. Itakuuliza mara ya pili, kataa tena. Kufomati ni kuandika daftari jipya na kuanza kujenga juu ya nyumba zilizopo, na jambo linaloua kabisa maandishi ya diski ni maandishi mengine yaliyoandikwa juu yake. Zima, usiweke programu yoyote, usinakili kitu kuingia humo. Fundi mwema atatumia kompyuta nyingine au flashi ya kuwashia, na vile atakavyoviokoa atavipeleka katika diski nyingine, kamwe si ile ile.

Nilikwenda na mzee kwa fundi mmoja ninayemwamini. Alijaribu kwanza TestDisk, programu itafutayo mipaka iliyopotea. Ikaona mwanzo wa D ya kale na mwanzo wa D mpya, isiweze kuchagua. Basi akageukia PhotoRec, iliyo ndugu yake. Hiyo haijali daftari wala ua. Yapita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ikitambua picha kwa jinsi zinavyoanza, na kuiokota kila moja. Ilifanya kazi siku mbili, kwa jenereta ya fundi, mzee akilipa mafuta.

Picha karibu zote zikapatikana. Video zilikuwa vipande. Hesabu za duka zikapatikana za miezi ya nyuma. Katika kitabu cha binti, sura ya kwanza na ya pili zilikuwa zimekwisha kutumwa kwa mwalimu wake. Ya tatu, iliyokuwa kazi ya miezi minne, haikuonekana. Ameianza tena, naye sasa hubeba flashi katika kamba moja na funguo za nyumba. Kijana wa jirani humletea karatasi za kuandikia, nami sikuuliza zaidi.

Lakini PhotoRec haipati majina, kwa sababu haisomi daftari lenye majina hayo. Picha zote zilirudi kwa namba tu, elfu na mia kadhaa, arusi imechanganyika na kipaimara, na watoto wa mwaka jana pamoja na wale wa miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo jioni, umeme ukiwapo, mabinti huketi mbele ya kioo pamoja na nkambo wao, mama yake marehemu, naye hutaja: huyu ni nani, hapa ni wapi, siku hiyo tulikula nini. Binti mdogo huandika jina chini ya kila picha, na kabla ya kulala huinakili kazi ya siku ile mahali pawili. Nilipopita kwao juma lililopita zilikuwa zimebaki picha 212.